Mishumaa ya Kahawia na Sufuria ya Mama Skola

Vijana wa idara ya maji, mliniaga vizuri. Soda ilikuwa ya moto, hotuba zilikuwa za baridi, na saa ya ukutani mliyonipa haijatembea hata dakika moja tangu niitundike, jambo ambalo kwa mstaafu nalihesabu kuwa adabu kubwa. Mmoja wenu aliniuliza pale mlangoni, "Sasa mzee, utakuwa unafanya nini?" Nikamjibu nitalima. Nimelima wiki moja. Mgongo umeomba kalamu.

Basi nimekaa hapa Nyamahanga, nawaandikia. Vyeo na mishahara naviruka, kama mtu mwenye suruali safi anavyoruka dimbwi. Nitawaandikia habari za matope, maana matope ndiyo yaliyonilea.

Niliingia kazini Ngara katika miaka ile ya wakimbizi. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni pale Biharamulo, darasa lenye taa moja ya chemli na wanafunzi wengi kiasi kwamba waliokaa nyuma walijifunza hesabu kwa kunusa chaki. Mimi nilikaa nyuma. Fizikia yote niliyokuwa nayo ilikuwa ya kusimuliwa, lakini niliibeba kifua mbele kama mtu aliyeivumbua.

Lori lilinishusha kambini asubuhi. Kilima kizima kilikuwa mahema ya plastiki, na miti ilikuwa imekwisha kwa ajili ya kuni, hata kunguru walikuwa wakitua chini na kuangaliana kwa aibu. Nikaulizia karakana ya maji, nikaonyeshwa turubai lililofungwa kwenye nguzo, na chini yake mtu mfupi mwenye kofia ya sufu anayetukana bomba. Huyo ndiye Fundi Bernado, Mhangaza wa Ntobeye, mwalimu wangu. Alikuwa na ulimi mkali kuliko misumeno yote ya karakana, na nawaambia ukweli, misumeno yetu ilikuwa butu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi tuliyeletewa?"

"Nimemaliza kidato cha nne, fundi. Masomo ya jioni."

"Ya jioni." Akanitazama juu hadi chini. "Basi mchana hutakuwa na habari. Shika hii."

Akanipa mshumaa. Ninyi wa siku hizi mnaokunywa maji ya chupa hamuujui, kwa hiyo nieleze. Ni kichujio cha kauri, mweupe, umbo la mshumaa mnene, ndani una uwazi na chini una shingo ya kukazia nati. Unafungwa ndani ya ndoo ya juu. Maji yanapenya kwenye vitundu vya kauri ambavyo jicho halivioni, uchafu unabaki nje, na maji safi yanatona kwenye ndoo ya chini. Kazi yake ni ya upole sana. Na kama wote wenye upole, huonewa.

Maji tuliyoyavuta yalitoka kwenye bwawa ambalo kambi nzima ililitegemea. Wakati wa mvua yalikuwa mazito hata samaki walikuwa wakitembea. Tuliyatia shabu kwenye matangi, matope yakatulia, tukatia klorini, tukayagawa kwa mabomba. Lakini maji ya kunywa ya wodi ya watoto, kule walikolazwa wenye kuhara damu, yalipaswa kupita kwenye mishumaa kwanza. Kuchemsha kusingewezekana, ungechemshia nini, nguzo za hema? Kwa hiyo wodi ile iliishi kwa mishumaa, na mishumaa iliziba kila kukicha.

Mwenye kuisafisha alikuwa Mama Skolastika, ambaye wote tulimwita Mama Skola. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, ng'ambo tu ya Murusagamba, mjane wa makamo mwenye mikono kama makoleo. Alivuka na vitu viwili: sufuria moja na mjukuu mmoja. Mjukuu aliitwa Yohana, mdogo sana, na mama yake alipotelea njiani. Sufuria ile, jamani, ilikuwa inang'aa hivi kwamba marubani wa ndege za misaada wangeweza kuitumia kutua.

Hapa mtu wa pwani inabidi aelezwe jambo. Kwa watu wetu wa huku, Wahangaza, Warundi, wote, mwanamke hujulikana kwa kitako cha sufuria. Shangazi anayekwenda kuposa hapotezi muda kuangalia uso wa binti. Anaingia jikoni, anageuza sufuria, na akijiona meno yake mwenyewe pale chini, mahari inapanda. Dawa ya kung'arisha ni majivu yaliyochanganywa na mchanga laini, na kisuguo cha nyuzi kavu za mgomba. Sasa mpe mwanamke wa malezi hayo kichujio cha kauri, umwambie, "Mama, kisafishe." Ulitegemea nini?

Tuliomba mishumaa mipya. Tukaambiwa iko njiani. Ofisini kitu kikiwa njiani maana yake hakuna aliye hai anayejua kilipo. Badala yake, wakatuletea mashine na Injinia Rehema.

Injinia Rehema alikuwa binti wa Tanga, mwembamba, mwenye Kiswahili cha kupigwa pasi. Sisi ambao Kiswahili tulikikuta shuleni tulimsikiliza kama redio. Alitumwa na shirika letu, ambalo jina lake nimelisahau kwa makusudi, aje ajaribu kufufua mishumaa iliyoziba. Sanduku la mashine liliandikwa LISIPINDULIWE pande zote, na likateremshwa garini likiwa limepinduka. Ndani mlikuwa na karai la chuma kisichoshika kutu, lenye waya wa umeme na kitufe kimoja. Bernado alilizunguka kama mbuzi wa mnada.

"Hili linafanya nini, dada injinia?"

"Linaosha kwa sauti, fundi."

"Sauti?"

"Chini ya karai kuna vitu vinatetemeka kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuifuata. Maji yanachanika, yanatoa viputo vidogo sana, vinapasuka. Kila kinapopasuka kinalipiga teke tope lililojificha ndani ya kitundu. Brashi haifiki humo. Sauti inafika."

"Sauti yenyewe inasikika?"

"Haisikiki."

Bernado akanigeukia. "Msomi wa jioni, umesikia? Mimi nina shemeji ambaye sauti yake inasikika hadi Biharamulo, na haijawahi kuosha hata kikombe."

Injinia hakukasirika. Aliomba pakiti tupu ya sigara, akatoa ile karatasi ya kung'aa ya ndani, akajaza karai maji, akawasha. Karai likaanza kutatarika kama mafuta yanayotiwa kitunguu. Akaitumbukiza karatasi kidogo, akaitoa. Ilikuwa na matundu kama nguo iliyokaa na panya masika mawili. Bernado alivua kofia. Sijawahi kumwona akiivua tena, hata kanisani.

Naandika alivyotufundisha, maana baadhi yenu mtaikuta mashine kama ile kwenye stoo fulani ikiwa imewekewa chungu cha maua. Maji ya karai yawe masafi na ya vuguvugu. Liwashe kwanza likiwa na maji peke yake, maji yateme hewa. Maji yenye hewa nyingi yanaimeza sauti. Mshumaa usilazwe chini ya karai, uning'inizwe kwenye kikapu cha waya. Usiusahau humo ukaenda kunywa chai, kauri ina roho ndogo. Ukishatoka, sukuma maji masafi kwa kupitia shingoni, toka ndani kwenda nje, ili tope lililolegea lifukuzwe lilikotokea. Hilo la kusukuma tulilifanya kwa pampu ya baiskeli ambayo Bernado aliifunga mpira wa tairi. Pampu hiyo hiyo ilitupimia nyufa: zamisha mshumaa majini, pampu upepo taratibu, na ukiona mapovu yanatoka mstari mmoja, uage, huo umekufa.

Tulifanya hivyo. Mishumaa iliingia karaini ikiwa na rangi ya tope, maji ya karai yakageuka uji, nayo ikatoka… na rangi ya tope iliyofifia. Kahawia. Doa la udongo wetu mwekundu halikutoka kabisa. Lakini tulipoifunga kwenye ndoo pale karakanani, ilitona kama paa bovu! Tulishangilia. Mimi mwenyewe nilieleza fizikia yake kwa wapita njia, pamoja na sehemu ambazo sikuzijua.

Kesho yake muuguzi mkuu wa wodi, Sista Adela, alikuja karakanani na ndoo tupu mkononi.

"Nani kati yenu ameoa?" aliuliza.

Bernado akainua mkono nusu.

"Kwa sababu nataka kujua mke wake anavumiliaje. Mmesema mishumaa imepona. Haitoni. Nina watoto wamekauka midomo, nawapa nini mimi, semina?"

Tukaosha tena. Karakanani ilitona, wodini ikagoma. Tukaosha mara nyingine, vivyo hivyo. Injinia alipima umeme wa jenereta, akabadili maji, akatoboa karatasi za sigara hadi wavutaji wote wa kambi wakawa rafiki zetu. Mashine ilikuwa nzima. Mkuu wa kambi, mtu aliyekuwa na maoni kuhusu kila kitu alichokuwa hajakiona, akatoa uamuzi wake: lori la vifaa litakaporudi Mwanza mwisho wa wiki, lichukue karai pamoja na injinia wake.

Na wodini Yohana alikuwa amelazwa. Kuhara kulimkuta naye. Kila asubuhi Mama Skola alipita karakanani kwanza kuchukua beseni la mishumaa iliyooshwa, maana kazi yake sasa ilikuwa kuisuuza na kuifunga, kisha akaenda kukaa pembeni ya mjukuu. Alikuwa amepungua, lakini beseni hakukubali libebwe na mtu mwingine.

"Mama, mtoto anaendeleaje?" nilimuuliza.

"Anaomba maji," alisema. "Ego, ndiyo, anaomba tu."

Siku moja kabla ya lori, Injinia Rehema aliniambia, "Kaka, tuifuate hii mishumaa kwa miguu. Kati ya hapa na wodini kuna kitu kinaila." Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosini. Tulipita nyuma ya wodi, kwenye kibanda cha kuoshea, tukasimama mlangoni.

Mama Skola alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha. Kushoto kwake mishumaa yetu ya kahawia. Kulia kwake bakuli la majivu na mchanga. Mkononi nyuzi za mgomba. Alikuwa anausugua mshumaa kama mtu anayemtafuta mwizi ndani yake, huku akisema rozari. Na mbele yake, juu ya jani la mgomba, mishumaa iliyokamilika imepangwa, myeupe, inang'aa kama meno ya mwanasiasa.

Alituona, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Karibuni, wanangu. Mashine yenu ni kijana mzuri, lakini bado mvivu. Inaacha kazi nusu. Mimi nawamalizieni hapa kimya kimya, nisiwaaibishe kwa wakubwa."

Injinia alinivuta pembeni, akaninong'oneza. Yale majivu laini yalikuwa yanajaza upya vile vitundu tulivyovifungua, na mchanga ulikuwa unaila kauri yenyewe. Uso mweupe, pumzi hakuna. Utamwambia nini mama wa umri ule, ambaye mjukuu wake amelala hatua chache kutoka pale, na yeye anasugua kwa ajili yake?

Bernado tulipomweleza alipandisha mori. "Nakwenda kumwambia mimi. Majivu! Tunawasha jenereta tunaunguza dizeli, yeye anatuziba kwa majivu ya jikoni!"

"Usimwambie, fundi," Injinia alisema. "Mishumaa ndiyo imwambie."

Asubuhi iliyofuata, lori likiwa tayari limepiga honi kule getini, tuliweka meza mbele ya wodi. Ndoo mbili za juu, kila moja na mshumaa wake, na chini ya kila shingo bilauri ya kioo. Mishumaa yote miwili ilitoka kwenye karai siku moja. Mmoja wa kahawia kama tulivyoutoa. Mwingine mweupe, kazi ya mikono ya Mama Skola. Maji yale yale, ujazo ule ule. Akina mama wa wodi wakatoka na watoto migongoni, na palipo na akina mama maneno hayakosi.

"Huo mweusi mweusi umeokotwa wapi? Kama muhogo uliosahauliwa motoni!"

"Mwanangu hanywi maji ya mshumaa usiooga, oya, hapana!"

Mama Skola alisimama karibu na ule mweupe, mikono kiunoni. "Fundi Bernado, nyumbani kwako mke wako anapikia sufuria ya rangi hiyo?"

"Ya rangi hiyo hasa," Bernado alijibu, "na bado nampenda."

"Anakupenda yeye. Wewe unavumiliwa."

Watu wakacheka. Injinia akamimina maji. Tukangoja. Sijui kama mmewahi kuona umati wa Warundi, Wahangaza na askari mmoja wa getini ukiangalia shingo ya mshumaa. Hata mkuu wa kambi alisogea, akiwa na uso wa mtu aliyeshajua matokeo.

Ule wa kahawia ukatona. Tone, tone, kisha matone yakafuatana hadi yakawa uzi mwembamba. Bilauri ikaanza kujaa, maji safi, ungeweza kusomea gazeti upande wa pili. Ule mweupe ulitoa jasho kidogo shingoni. Tone moja likaning'inia, likafikiria, likabaki palepale.

Mama Skola aliinama akaangalia lile tone kwa karibu, muda mrefu. Kisha akaangalia mlango wa wodi.

"Yoo," alisema polepole. "Kumbe mlango wa maji ya mwanangu nimeufunga kwa mkono wangu."

Injinia Rehema ndiye aliyechukua bilauri ya mshumaa wa kahawia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayempa mkwe.

"Mama, sote tulikupa kichujio bila kukueleza kinavyopumua. Mlango umeshafunguka. Maji haya hapa."

Mama Skola aliipokea. Akautazama ule mshumaa wa kahawia kama unavyomtazama mchumba wa binti yako aliyekuja peku. Akanywa yeye kwanza, wote wakimwona. Akafuta mdomo, akajaza tena, akaingia wodini.

Lori liliondoka bila karai na bila injinia. Mkuu wa kambi alitangaza kwamba tangu mwanzo alikuwa na imani na teknolojia. Mishumaa ile yenye majivu tuliirudisha karaini, tukaipampu kinyumenyume; mingine ilifufuka, mingine ilikuwa imesuguliwa hadi ukuta wake ukawa mwembamba kama ahadi, tukaitupa. Yohana alikunywa, akatapika, akanywa, na siku iliyofuata akamtukana muuguzi, ndipo Sista Adela akasema huyu ataishi.

Mama Skola hakuwa mtu wa kutubu nusunusu. Kibandani kwake majivu yalikuwa mwiko. Nilimkuta siku moja amemkwida msaidizi mpya aliyekuja na nyuzi za mgomba, anamwuliza, "Unataka kuua?" Mimi mwenyewe nilipigwa kofi la kiganja kwa kuufuta mshumaa na shati. Sufuria yake tu ndiyo ilibaki na haki zake za zamani.

Nisisahau wageni. Walipokuja wakubwa kukagua, mkuu wa kambi aliona mishumaa ya kahawia akashtuka: "Hii ndiyo tutawaonyesha?" Basi ule mweupe uliokufa tuliutunza kwa ajili hiyo. Uliwekwa juu ya meza yenye kitambaa kilichodariziwa, ukapigwa picha nyingi kuliko mkuu mwenyewe, na haukuwahi kutoa tone. Vijana, kila ofisi niliyofanya kazi baadaye ilikuwa na mshumaa wa namna hiyo, na mara nyingi ulikuwa na kiti cha kuzunguka.

Miaka ikapita. Injinia alirudi kwao Tanga, karai likarithiwa na sisi. Siku ya Mama Skola kurudi Burundi nayo ikafika, na malori yakapanga foleni barabarani tangu asubuhi. Yohana alikuwa mvulana mrefu mwenye kelele. Mama Skola alikuwa na sufuria kichwani, imesuguliwa usiku ule kwa heshima ya safari, ikirusha miali hadi tukalazimika kukinga macho.

Kabla ya kupanda alituita pembeni, Bernado na mimi, akafungua pindo la kitenge. Ndani mlikuwa na mshumaa mmoja wa kahawia. Bernado ndiye aliyempa. Aliandika kwenye daftari la stoo kwamba una ufa. Niliupima mwenyewe na pampu. Haukuwa na ufa.

"Kila nikiutazama mkono unaniwasha," alisema Mama Skola. "Miaka yote hii. Lakini sijaugusa, Bernado. Hata kidogo."

"Najua, mama," alisema Bernado.

Lori likang'oa nanga, likapanda mlima. Tulisimama tukilifuata kwa macho, na muda mrefu baada ya watu kupotea tuliendelea kuiona sufuria ikimetameta kwenye kila kona. Mshumaa hatukuuona. Ulikuwa na rangi ile ile ya barabara.